Bei ya Jicho la Pili

Nyumbani, 9 Januari

Mwanangu,

Nakusalimu kwanza, maana nakujua, ukifungua barua yangu unaruka salamu na kwenda kutafuta nani kafa. Hakuna aliyekufa, isipokuwa jogoo wa jirani, na yule hata simlilii, alikuwa akiniamsha kabla sijalala vizuri. Mdogo wako wa kike amehamia nyumba mpya na mumewe, tumbo liko mbele kama mtungi, na bado anapanda ngazi akikimbia. Nimemsema mpaka nimechoka. Mimi nipo na cherehani yangu ipo. Jicho la kulia ndilo lile lile, lina ukungu. Daktari wa macho amesema ni mtoto wa jicho, atolewe mwezi wa tatu, na pesa yake nimeshaiweka kando. La kushoto nalo limeanza kidogo, lakini hilo litangoja zamu yake.

Sasa nisikilize. Makubwa!

Unamkumbuka Fundi Kompyuta, mpangaji wa chumba cha chini, yule anayecheka peke yake. Juzi kaniletea mashati matatu, anataka nimshonee mfuko wa ndani, kifuani, wenye kifungo. Nikamwuliza, mfuko wa nini, umeoa mwizi? Akasema ni wa kuwekea memori. Nikasema memori ndiyo nini? Akatoa kibao chembamba, urefu wa kidole, chenye vijumba vyeusi vimepangwa mstari. Nikakikumbuka! Zamani vile vilikuwa vimejaa kwenye kopo la biskuti pale mezani kwake, watoto wanavichezea, na ukimpelekea kompyuta anakutilia kimoja kama muuza nyanya anavyotia nyongeza. Leo anavivaa kifuani.

Nikauliza bei. Akaniambia. Mwanangu, sindano ilinitoka mkononi. Kibao kimoja kinanunua cherehani! Cherehani nzima, na meza yake! Nikamwambia rudia, akarudia. Kuna mwalimu mmoja alileta kompyuta yake iongezwe memori, alipotajiwa bei akasema samahani, mimi sitaki mpya, nataka utengeneze hii hii. Fundi akamwambia, mama, hiyo ndiyo bei ya kutengeneza. Yule mwalimu alikaa kwenye ngazi yangu mpaka nikampa maji.

Eti kuna mashine kubwa kubwa huko duniani, za kujibu maswali ya watu, zinakula memori kama nzige, na viwanda vimewageukia wenye mashine hizo, vimetuacha sisi wanyonge. Hapo ndipo nikashtuka. Memori si ndiyo inayotengenezwa hapo kwenu? Siku zote watu wakiniuliza kijana wako anafanya nini ughaibuni, nasema "yuko kiwandani" kisha nanyamaza, nisije nikasema anafua nguo. Kumbe unafua nguo za dhahabu! Niandikie. Kazi ni nyingi?

Shangazi yako


Bweni la kiwanda, 2 Februari

Shangazi yangu, shikamoo.

Barua yako imekaa njiani wiki tatu, na nimeisoma nikicheka hadi mwenzangu wa kitanda cha juu kauliza kama nimeshinda bahati nasibu. Mimi mzima, baridi tu imenipasua midomo. Mwambie mdogo wangu apande ngazi polepole, na wewe usimseme sana, huo ukaidi kaurithi kwako.

Hizo nguo za dhahabu ni ovaroli nyeupe, Shangazi, zenye kofia na viatu vyake humo humo. Wanaoingia kwenye kumbi za kutengeneza memori wanavaa hizo, humwoni mtu ila macho. Unywele mmoja ukidondoka, kazi ya watu imeharibika. Sisi tunazifua kwa maji yaliyochujwa, tunazikausha, tunazikagua chini ya taa kali kutafuta nyuzi, kisha tunazifunga kwenye mifuko. Lile sweta ulilonifumia nimekatazwa hata kuvuka nalo lango la pili. Msimamizi alilitazama kama ameona paka mgonjwa.

Bei sijui. Sisi wafuaji hatuambiwi bei, na siku ya kwanza tulisaini karatasi kwamba ya ndani hayatoki nje. Ninachoweza kusema ni kwamba nimechoka. Tangu mwezi wa kumi na mbili tunafua hadi Jumapili. Mgongo si wangu. Zamani Jumapili nilikuwa nalala mpaka jua lenyewe linanionea haya.

Nimekutumia kidogo kwa simu, ongezea kwenye ya daktari. Mwezi wa tatu usipite, Shangazi. Fundi wa kushona ana mali gani kuliko macho?

Mwanao


Nyumbani, 11 Machi

Mwanangu mfuaji,

Pokea habari njema kwanza: umekuwa mjomba! Ni wa kike, mnene, analia kama tarumbeta. Mama yake mzima. Pua ni ya marehemu baba yako, maskini mtoto, lakini atafanyaje.

Sasa kaa chini. Umekaa? Nimenunua hisa za kiwanda chenu.

Usiruke, nisikilize mtu mzima. Nilipofika pale pa Jumapili kwenye barua yako niliisoma tena kwa sauti. Mimi nimeshona umri wangu wote. Fundi hafanyi kazi Jumapili kwa kupenda. Ukiona taa ya fundi inawaka Jumapili, jua oda zimejaa, sare za shule zinadaiwa, pesa iko njiani. Na kwa mfuaji ni hivyo hivyo. Nguo zikifuliwa Jumapili ina maana zimevaliwa, zikivaliwa ina maana watu wako kazini, watu wakiwa kazini mzigo unatoka, na huo mzigo bei yake ndiyo iliyomkalisha mwalimu kwenye ngazi. Unataka ishara gani tena, malaika ashuke na ngoma?

Basi nikamshukia Fundi Kompyuta huko chini, nikamwambia nifungulie hilo soko la hisa kwenye simu yako. Naye ana zake za kampuni hiyo hiyo, kidogo. Akanionya. Akasema, mama, biashara ya memori ina wazimu, ikipanda inapaa na ikishuka inavunja watu miguu. Nikamjibu, wewe una simu, mimi nina mtu ndani. Pesa ya jicho yote nikaitia humo.

Najua umeshika kichwa. Daktari tarehe yake ilikuwa wiki hii, nimemwambia asogeze mbele, jicho halikimbii. Tena sikiliza hii, utapigwa na butwaa kama mimi. Kwa wiki mbili tu zimepanda hivi kwamba nikiuza leo nalipa jicho la kulia, na nauli ya kwenda na kurudi. Nikingoja kidogo, nalipa yote mawili kwa mpigo, natoka hospitali na macho ya msichana! Sasa nitengeneze moja leo, halafu nianze tena kudunduliza la pili mpaka nife? Mvumilivu hula mbivu.

Kazi yako ni moja. Kila ukiandika, niambie: Jumapili mmefua?

Shangazi yako, mwenye kiwanda


Bweni la kiwanda, 3 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Hongera ya mjukuu. Nimewatangazia watu wote wa bweni, hata wasioelewa ninachosema wamenipa mkono.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Pesa ya jicho! Nimekupigia simu saa ile ile, ukasema "nipo, nipo, simu inakula pesa, andika," ukakata. Haya, naandika. Uza. Uza zote, urudi kwa daktari umwombe tarehe ya karibu. Mimi nilikuwa nalalamika mgongo, Shangazi, sikuwa nakupa habari za soko!

Jumapili si kama unavyofikiri. Kwa nini, siwezi kukueleza, nilisaini. Kuna mwenzetu alipiga picha ya mtaro tu, mtaro wa maji machafu, akawatumia ndugu zake. Kesho yake tuliamka kitanda chake ni kitupu. Nikifukuzwa mimi nani atatuma hicho kidogo? Naomba uniamini bila sababu, mara hii moja. Umenilea, hujawahi kuniona nikiomba hivi.

Wewe unasema mvumilivu hula mbivu. Na ngoja ngoja je, si huumiza matumbo?

Mwanao


Nyumbani, 28 Aprili

Mwanangu,

Huku salama. Mtoto ameanza kucheka, anacheka na ukuta, watu wakimjia ananuna. Mdogo wako anakusalimu, anasema zile soksi ulizomtumia mtoto zingemtosha baba wa mtoto.

Barua yako imenikera, sikufichi. Tulikubaliana nini sisi wawili? Uniambie Jumapili mmefua au hamkufua. Umelia ukurasa mzima na hukujibu. Mtu akilikwepa jambo, jambo lipo. Kwa hiyo mmefua. Ahsante.

Eti uza. Kwa nini? Siwezi kusema. Haya. Mteja akija hapa akaniambia nifumue gauni, nitamwuliza linambana wapi. Akisema siwezi kusema, gauni linabaki kama lilivyo. Bila sababu sihami.

Na unajua bei imefika wapi? Fundi alinisomea jana, nikamwambia acha utani na mtu mzima. Akanisomea tena! Imebaki kidogo, kidogo mno, itimie macho mawili. Yeye mwenyewe hali vizuri, anafungua simu, anafunga simu, anatembea. Mtaani watu wanachomoa memori kwenye kompyuta zao za zamani kama wanang'oa meno, wanamletea kwenye vifuko vya sukari. Na shule ya yule mwalimu, masikio yangu hayakuamini, wezi wamevunja chumba cha kompyuta, wameacha kila kitu mezani, vioo, nyaya, hata saa ya ukutani, wamebeba vile vibao tu. Dunia imepinduka, nakwambia.

Mimi mzima. Kichwa kinanigonga kidogo upande mmoja, ni hili joto. Matundu ya vifungo nimeyaacha, kazi ndogo ndogo hazina faida, siku hizi nashona mapazia. Na ukiona mwandiko umeparaganyika ni kalamu. Kalamu za sasa hazina adabu.

Kula vizuri. Acha woga.

Shangazi yako


Bweni la kiwanda, 6 Juni

Shangazi yangu, shikamoo.

Mimi mzima wa mwili. Soksi nitatuma nyingine, hapa watoto wote ni wakubwa.

Nimekaa na barua yako muda mrefu, nisamehe. Niliipeleka kazini, nikaiweka chini ya ile taa ya kutafutia nyuzi. Mistari yako inapanda mlima. Ukurasa wa pili umeandika mstari juu ya mstari, hukujua kwamba pale umeshaandika. Hiyo si kalamu! Wewe uliyekuwa ukinichapa vidole nikitoka nje ya mstari? Na mapazia tangu lini? Si wewe uliyekuwa ukisema pazia hata mbuzi anashona? Niliogopa, Shangazi. Nilizima taa nikaenda kunawa uso. Kichwa kinagonga upande gani? Ni upande wa jicho?

Basi nasema. Nikifukuzwa nifukuzwe.

Jumapili tunafua, ndiyo. Lakini si nguo za watu wa memori. Hizo tunazifua siku za wiki kama zamani, wala hazijaongezeka. Za Jumapili ni za mafundi mitambo. Ng'ambo ya uzio kuna ukumbi mpya, mkubwa kuliko wa sasa, na hao mafundi wako humo kutwa kucha wanafunga mashine. Ukumbi huo ukianza kazi, kiwanda kitatoa memori maradufu. Na msimamizi anasema viwanda vingine navyo vinajenga, kila kimoja kimeona bei, kila kimoja kimekimbilia kujenga. Memori zote hizo zikimwagika sokoni, Fundi atafumua mfuko wa shati. Hapa kuna wafuaji wazee, wanasema wameshayaona haya. Kazi za Jumapili zikiongezeka watu wanashangilia, kisha ukumbi mpya unafunguliwa, bei inaporomoka, na nusu ya wafuaji wanarudishwa makwao.

Kwako kazi ya Jumapili ni nguo zinazotoka. Huku ni mashine zinazoingia, na bado hazijatoa kitu.

Sasa sababu unayo. Uza, na siku hiyo hiyo uende kwa daktari. Usinijibu mimi kwanza. Nenda kwa daktari.

Mwanao


Nyumbani, 29 Juni

Mwanangu,

Huu mwandiko ni wa Fundi Kompyuta. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asitie maneno yake. (Sijatia, ndugu yangu. Fundi.)

Tumzungumzie mtoto kwanza, ndiye mwenye habari nzuri. Anajigeuza mwenyewe sasa, juzi kidogo adondoke kitandani.

Barua yako kanisomea Fundi, kwa sababu mimi sikuiona. Haya, nimesema. Sikuiona. Jicho la kulia si ukungu tena, ni giza, na liliniuma, mwanangu, liliuma mpaka kwenye meno, jekundu kama pilipili. Nilijifunga kitambaa nikawaambia watu limeingia vumbi. La kushoto linaona kivuli cha mtu, mtu mwenyewe siioni sura yake. Sikutaka ujue, ungeacha kazi ukapanda ndege. Na ilikuwa imebaki kidogo tu itimie.

Sasa sikia kilichoniacha mdomo wazi. Fundi alipofika pale pa ukumbi mpya akaiweka barua chini. Nikadhani analia. Akasema, "Mama, hii ndiyo siri yenyewe?" Nikamwambia ndiyo, na ukiitoa nje mwanangu anafukuzwa. Akasema, "Lakini kampuni iliitangaza yenyewe. Mwezi wa pili. Ilikuwa kwenye magazeti yote ya biashara, na picha ya mkurugenzi kashika mkasi anakata utepe wa kuingiza mashine."

Mwanangu! Picha! Na mkasi!

Nikamwuliza, wewe mtu, mbona hukuniambia? Akasema, "Nilidhani unajua. Si ulisema una mtu ndani?"

Baadaye akanieleza kwamba wenye hisa wote wanaujua huo ukumbi, ndicho wanachobishania kila siku. Wengine wanasema mashine za kujibu maswali zitazila hata hizo memori mpya na bado zitalia njaa. Wengine wanasema mwakani tutazikanyaga barabarani. Yeye yuko na wale wa njaa, habanduki.

Mimi nimeuza. Zote, jana asubuhi. Na imetimia, mwanangu, nilimfanya asome mara tatu! Macho mawili kamili, na chenji ya miwani ya jua ya kujishaua nayo. Keshokutwa naenda kwa daktari, Fundi ananishika mkono.

Shangazi yako

(Ndugu, naomba radhi. Aliniambia ni vumbi, nikaamini. Fundi.)


Bweni la kiwanda, 20 Julai

Shangazi, shikamoo.

Sijui nianze na salamu gani. Mbusu mtoto.

Nimemfuata msimamizi nikamwuliza habari za magazeti. Alicheka. Akanishika bega, akanipeleka kwenye ubao wa langoni, ambao naupita kila siku ya Mungu asubuhi na jioni. Picha ile ile, mkasi ule ule. Lugha yao siisomi vizuri, Shangazi, nilidhani ni tangazo la usalama kazini. Nilitunza siri iliyobandikwa ukutani! Nilikosa usingizi kwa ajili yake, nikaacha barua yako ikae bila jibu, na muda wote huo jicho lako lilikuwa linauma. Nimesimama pale mpaka walinzi wakaniuliza kama naumwa.

Kila nikipiga simu anapokea Fundi, anasema mama amelala. Asubuhi umelala, jioni umelala. Tangu lini wewe unalala? Daktari amesema nini? Usinipunguzie. Niambie lote.

Mwanao


Nyumbani, 15 Agosti

Mwanangu,

Huu ni mwandiko wangu mwenyewe, utautambua kwa kiburi chake. Nimekaa mezani na mistari imenyooka, ipeleke kwenye taa yenu ukitaka.

Jicho la kushoto limefanyiwa. Walipotoa bendeji nikapiga ukelele, muuguzi akadhani naumia. Kumbe ni rangi! Ukuta wa hospitali ni wa bluu, mimi nilijua ni wa kijivu. Nimerudi nyumbani nikakuta nyumba chafu, aibu tupu, na wageni wote wale nimewapokea humo. Nikajitazama kwenye kioo, kidogo nimsalimie marehemu mama. Mtoto si pua tu, masikio nayo ni ya baba yako, lakini ni mzuri, mwanangu, ana macho makubwa anakutazama bila kupepesa. Na yale mapazia niliyoshona miezi ile nimeyaita yote yarudi. Upindo umekwenda kombo kama njia ya panya, na wateja walilipa wakanyamaza. Walinionea huruma. Hilo limenichoma.

Fundi bado ana hisa zake. Mara tu nilipouza zilipanda tena, akanicheka mpaka akakohoa. Wiki iliyopita zikaanguka, na leo ni siku ya tatu hajafungua duka. Nimempelekea chakula. Mimi sitaki kuzisikia, zipande, zishuke.

Ubao wa langoni usikukoseshe usingizi. Wewe ulinyamaza, mimi nikanyamaza, tusianze kupimana nani zaidi. Na usipande ndege. Hapa hakuna cha kuja kufanya.

Sasa la daktari. Umeuliza, nakujibu, na tusilirudie tena kwenye barua wala kwenye simu. Aliliangalia la kulia muda mrefu. Akamulika, akapima, akamwita mwenzake, naye akamulika. Akaniuliza maumivu yalianza lini, nikasema mwezi wa nne. Akasema, mbona hukuja mwezi wa tatu, si nilikuandikia tarehe? Nikamwambia nilikuwa nangoja pesa ya macho mawili itimie. Akaweka tochi chini. Akasema mtoto wa jicho ameachwa akaiva kupita kiasi, akavujia ndani, akaleta presha ya jicho, na presha imeua mshipa wa kuonea. Nilimsikia na sikumsikia. Nilidhani ananieleza kwamba bei imepanda. Nikafungua pochi, nikatoa bahasha zote mbili, ya kushoto na ya kulia, nikaziweka mezani kwake, nikamwambia, hesabu, daktari, zimetimia.

Akachukua moja. Ya pili akanirudishia mkononi, akanikunjia vidole juu yake, akasema, "Hii kaa nayo, mama."

Shangazi yako